Metali Inayoamka Bahari Ikiondoka

Chimba shimo la kina cha mkono mmoja katika tope ambalo bahari hulifunika na kulifunua kila siku, utaona tabaka tatu. Juu kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, ambako hewa hufika maji yakipwa. Chini yake ni kijivu. Chini zaidi ni weusi mtupu, mzito, unaonuka yai viza. Harufu hiyo ni ya salfa, na weusi huo ni salfa iliyoshikana na chuma. Humo ndani, zikiwa zimefungwa katika punje zisizoonekana kwa macho, zimo kadimiamu, risasi, zinki, shaba, nikeli na aseniki. Nyingine zililetwa na mito kwa maelfu ya miaka, nyingine zimeletwa na migodi na viwanda katika karne moja au mbili zilizopita. Sasa chukua bonge la tope hilo uliache juani majuma machache. Weusi utafifia, harufu itaondoka, bonge litapasuka, na mara nyingine katika nyufa zake zitatokea alama za manjano hafifu kama ya nyasi kavu. Hakuna aliyeongeza metali wala aliyepunguza. Ukilipima bonge kabla na baada ya jua, kiasi cha kadimiamu ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo ilikuwa imefungwa, na sasa maji ya mvua ya kesho yanaweza kuichukua.

Mabadiliko ya bonge hilo ndiyo habari nzima ya mashamba yaliyotwaliwa kutoka baharini, na ndiyo yanayosahaulika watu wanapouliza kama chakula cha mashamba hayo ni salama. Swali lenyewe linawagusa mamilioni. Uholanzi iliifunga ghuba ya Zuiderzee kwa tuta la Afsluitdijk mwaka 1932, ikakausha eneo moja baada ya jingine hadi Flevoland ya kusini ilipotoka majini mwaka 1968. Korea Kusini ilikamilisha mwaka 2010 ukuta wa Saemangeum, wenye urefu wa kilomita 33 na ushei. Katika pwani ya mkoa wa Jiangsu, China, watu wamekuwa wakiisukuma bahari tangu afisa Fan Zhongyan aliposimamia ujenzi wa tuta kubwa katika miaka ya 1020. Leo tuta hilo liko makumi ya kilomita ndani ya nchi kavu, kwa sababu Mto Njano, uliokuwa ukiingia baharini upande huo hadi mwaka 1855, ulimwaga udongo bila kuchoka. Kote huko jibu la kawaida kwa swali la usalama ni moja. Mtaalamu huchukua udongo, huuyeyusha kwa asidi kali, huhesabu miligramu za kila metali katika kilo moja, kisha hulinganisha na kikomo cha serikali. Namba ikiwa chini ya kikomo, shamba huandikwa safi. Hoja yangu ni kwamba kipimo hiki kinajibu swali jingine. Mzizi haunywi jumla ya metali. Hunywa ile iliyoko majini. Na katika ardhi iliyotoka baharini, pengo kati ya jumla na kilichomo majini ni kubwa, na hubadilika kadiri shamba linavyozeeka.

Tuanze na kinachoifunga metali. Chokaa ya asili, ile ya makombe na viumbe wa baharini waliosagika pamoja na vumbi la mawe lililobebwa na mito, huufanya udongo uwe na pH, kipimo cha uchachu kinachoshuka uchachu unapopanda, ya 8 au zaidi kidogo. Katika hali hiyo metali nyingi hujibanza kwenye chokaa yenyewe au kwenye kutu ya chuma, na mzizi haupati kitu. Mfinyanzi na mboji nazo huishika metali kwa mvuto wa chaji. Salfa ya tope jeusi ni kufuli kali kuliko zote, ila hufanya kazi pasipo na oksijeni tu. Metali zenyewe hazifanani tabia. Risasi ikishaingia udongoni hung'ang'ania hapo. Ikiingia mzizini hubaki mzizini, na ile inayokutwa kwenye jani mara nyingi ni vumbi lililotua kutoka barabarani. Shaba hupenda mboji. Kadimiamu ndiyo mtoro. Haina kazi inayojulikana katika mazao ya shambani, hivyo mmea hauna mlango wake. Hupita kwenye milango ya wengine, wa manganizi, wa zinki, wa chuma, kwa kuwa inafanana nazo. Katika mpunga mlango mkuu ni ule wa manganizi, na jambo hilo limethibitishwa kwa namna ya wazi kabisa: mwaka 2012 watafiti wa Kijapani walitangaza kwamba wameiharibu jeni ya mlango huo katika mpunga wa Koshihikari kwa miale ya ioni, na mchele wake ukawa karibu hauna kadimiamu. Ndiyo maana ninaifuata kadimiamu kuliko metali nyingine. Inaweza kutoka udongoni hadi mezani bila jani kunyauka wala punje kubadilika rangi, na mkulima akavuna kwa furaha.

Ikishafika mwilini haiondoki upesi. Hukaa kwenye figo kwa miongo. Wajapani walijifunza hilo kwa uchungu katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, ambako maji ya mgodi wa Kamioka yaliingia kwenye majaruba kwa miaka mingi, na wanawake wa makamo na wazee wakawa wanavunjika mifupa kwa jambo dogo kama kukohoa. Serikali ilikiri mwaka 1968 kwamba chanzo cha maradhi hayo, yaliyoitwa itai-itai, ni kadimiamu, na kazi ya kuponya udongo wa bonde haikukamilika hadi 2012. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka mwaka 2010 kiwango cha kuvumilika cha mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa mwezi. Mtu wa kilo 60, basi, ana nafasi ya mikrogramu 1,500. Akila gramu 300 za mchele kwa siku, na mchele huo ukiwa na miligramu 0.2 kwa kilo, ambayo ndiyo kikomo cha China, kwa mwezi amemeza mikrogramu 1,800. Kwa kikomo cha kimataifa cha Codex, ambacho ni 0.4 kwa mchele uliokobolewa, hufika 3,600. Mchele mwingi sokoni uko chini sana ya hapo, na hilo ni la kushukuru. Lakini hesabu inaonyesha kwamba kwa mtu wa wali kila siku, nafasi kati ya salama na hatari ni nyembamba, na ongezeko linaloonekana dogo shambani lina uzito mezani.

Hapa ndipo chumvi inapoingia, na hapa ndipo ardhi ya bahari inapoachana na shamba la kawaida. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi. Kloridi hushikamana na kadimiamu na kuipunguzia chaji, au kuifuta kabisa, na mfinyanzi uliokuwa ukiivuta kwa chaji hiyo hulegeza mkono. Kadimiamu huogelea majini hadi ukingoni mwa mzizi. Jambo hili halikugunduliwa pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Australia ilipata viazi vyenye kadimiamu kuliko ilivyotakiwa, na dhana ya kwanza ilikuwa kwamba udongo wa mashamba hayo umejaa kadimiamu ya mbolea ya fosfeti. Wataalamu walipolinganisha viazi na udongo wake, jumla ya kadimiamu ilieleza kidogo tu. Kloridi, iliyoletwa na maji ya umwagiliaji yenye chumvi, ndiyo iliyoeleza zaidi. Miaka michache baadaye, kwenye nyanda za North Dakota nchini Marekani, ngano ngumu ya kutengenezea tambi ilionyesha mwelekeo uo huo: palipo na chumvi zaidi, punje ilikuwa na kadimiamu zaidi. Mabara mawili, mazao mawili yasiyo na udugu, jibu moja. Katika mashamba hayo ya bara chumvi ilikuwa mgeni. Katika tope lililokuwa chini ya bahari mwaka juzi, chumvi ni mwenyeji, na metali yoyote itakayoletwa itamkuta amekaa.

Atakayepinga ataniambia kwamba vipimo vya pwani ya Jiangsu vinaonyesha metali kidogo na pH iliyo juu ya 8. Ni kweli. Tope la Dongtai, Dafeng na Rudong ni udongo mwepesi ulioletwa na Mto Njano na Yangtze, lina chokaa ya kutosha, na kwa kipimo cha jumla sehemu kubwa yake ni safi kuliko mashamba mengi ya bara. Uchunguzi wa kitaifa ambao China iliutangaza mwaka 2014 ulikuta asilimia 19.4 ya sampuli za mashamba zimevuka kikomo, kadimiamu ikitangulia metali zote, lakini mizizi ya tatizo hilo ilikuwa zaidi kusini, kwenye udongo wenye tindikali na mabonde ya migodi. Flevoland nayo inamuunga mkono mpinzani wangu: viazi, vitunguu na ngano yake vinaota juu ya mfinyanzi wenye chokaa ambao zamani ulikuwa sakafu ya bahari, na mashamba hayo ni miongoni mwa yale bora ya Ulaya. Simtetei anayetaka ardhi yote ya namna hii ihesabiwe kuwa na sumu. Kosa la pingamizi hili ni kuchukua picha ya siku moja na kuifanya maisha yote ya shamba.

Tope jipya ni maskini. Lina chumvi na magadi, halina mboji, nitrojeni yake ni haba, na likikauka hugeuka sakafu. Mkulima mwenye deni la mbegu na mafuta ya trekta hawezi kungoja miaka ishirini mvua ilioshe, kwa hiyo hulilisha: fosfeti, samadi ya nguruwe, jasi ya kuvunja magadi, na katika majaribio ya pwani ya Jiangsu hata tope la mitambo ya majitaka ya mijini. Kila kimoja kina faida ya kweli na kila kimoja huja na mzigo. Fosfeti inayotokana na miamba iliyojijenga chini ya bahari za kale hubeba kadimiamu kwa asili, na ndiyo sababu sheria ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2022, iliweka kikomo cha miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti iliyomo kwenye mbolea. Samadi ya nguruwe wa mabanda makubwa hubeba shaba na zinki zilizochanganywa kwenye chakula chao. Jasi iliyo mabaki ya viwanda vya mbolea hubeba kilichokuwa ndani ya mwamba. Tope la majitaka hubeba kila ambacho mji umekitupa. Shamba la zamani la bara likipokea mzigo huo, mboji na mfinyanzi wake huudaka. Shamba jipya la pwani hupokea mzigo ule ule likiwa na mboji kidogo kabisa na kloridi nyingi kabisa, yaani katika saa yake mbaya. Metali iliyoongezwa kwenye shamba hilo haikutoka baharini. Imekuja ndani ya gunia la dawa. Viwanda navyo vimelifuata tope. Baada ya mwani kuyachafua maji ya Ziwa Tai mwaka 2007, viwanda vingi vya kemikali vya kusini mwa Jiangsu vilihamia pwani ya kaskazini, kwenye ardhi ile ile inayolimwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo linasema chumvi huisha. Tuta likishafungwa, mvua na mifereji huosha kloridi. Katika nchi yenye mvua, majaruba ya mpunga hupata nafuu baada ya miaka michache ya kufurikishwa kwa maji baridi, na mfinyanzi hurudia kazi yake. Nakubali kila neno. Ila maji hayo hayo yanayoosha chumvi huosha na chokaa, polepole, bila kelele. Ushahidi bora uko Cixi, upande wa kusini wa ghuba ya Hangzhou, ambako matuta ya vizazi mbalimbali yamepangana kuelekea baharini kama mistari ya daftari, likiwemo tuta la karne ya 11, hivyo kila ukanda wa mashamba una tarehe yake ya kuzaliwa. Watafiti waliolinganisha kanda hizo walikuta kwamba majaruba hupoteza chokaa ya tabaka la juu ndani ya karne moja hivi, ilhali mashamba ya jirani yasiyofurikishwa huihifadhi kwa karne kadhaa. Sababu yake inaeleweka. Maji yaliyosimama juu ya jaruba hujaa hewa ukaa kutoka kwenye mizizi na mabua yanayooza, hupata uchachu mdogo, kisha huzama kila siku yakiwa na chokaa iliyoyeyuka. Zao linaloondoa chumvi haraka ndilo hilo linalomaliza chokaa haraka. Mbolea ya nitrojeni huongeza kasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1980 pH ya mashamba makuu ya China ilikuwa imeshuka kwa takriban nusu kipimo, na palipoonekana pH haijashuka sana, mara nyingi ni chokaa iliyokuwa ikilipa gharama kimyakimya. Shamba la pwani, kwa hiyo, lina udhaifu mara mbili: ujanani, chumvi ingalipo, na uzeeni, chokaa ikiwa imekwisha. Katikati ipo miaka mizuri, pengine mingi, na kipimo cha miaka hiyo hakisemi lolote kuhusu ncha zake mbili.

Hayo ni ya pwani yenye chokaa. Pwani isiyo na chokaa ya kutosha hupita njia ya mkato. Salfa ya tope jeusi ikikutana na hewa hugeuka asidi ya salfa, ile ile ya betri ya gari, na pasipo chokaa ya kuizima pH huanguka chini ya 4 katika msimu mmoja au miwili ya kiangazi. Zile alama za manjano ndani ya bonge ndizo kitambulisho chake. Wakulima wa Uholanzi waliuita udongo wa namna hiyo udongo wa paka. Kila kufuli hufunguka kwa pamoja. Mtu asiyeamini kwamba metali inaweza kuwa tatizo bila kiwanda na atazame pwani ya Ostrobothnia nchini Finland, ambako nchi inaendelea kuinuka tangu barafu ya kale ilipoyeyuka na sakafu ya bahari ya zamani imekuwa mashamba. Mifereji ya kukausha mashamba hayo humwaga kadimiamu, nikeli, zinki na aluminiamu kwa kiasi kinachozidi kwa mbali maji taka ya viwanda vya nchi nzima. Katika delta ya Mekong, Vietnam, udongo wa namna hii unafika takriban hekta milioni 1.6, na wakulima wamebuni ustadi wa kuinua matuta, kufurikisha mvua za kwanza na kuzifungulia ziende. Ustadi huo unastahili heshima, ingawa maji yaliyofunguliwa huingia kwenye mfereji wa jirani. Kwetu Tanzania, katika delta ya Rufiji, wakulima wamefyeka mikoko kwa miongo mingi na kupanda mpunga, wakitegemea bahari inapojaa isukume maji baridi ya mto juu ya majaruba. Mashamba mengi huachwa baada ya misimu kadhaa kwa sababu ya magugu na kaa. Tope la mikoko ni ghala la salfa. Maadamu linafurikishwa kila bamvua, ghala limefungwa. Anayependekeza kujenga tuta la kudumu pale ili kilimo kitulie anapaswa kwanza kuchimba shimo, kuchukua bonge, na kuliacha juani.

Mkulima wa mpunga ana dawa moja ambayo mkulima wa ngano hana, nayo ni maji. Jaruba likifurikishwa, oksijeni huisha, salfa huirudia kadimiamu na kuifunga. Japani huwashauri wakulima wa maeneo yenye kadimiamu waache maji yasimame tangu wiki tatu kabla ya masuke kutoka hadi wiki tatu baada yake, kwa kuwa ndicho kipindi mmea unapopeleka mzigo kwenye punje. Dawa hii inafanya kazi, lakini ina meno upande wa pili. Tope likikosa hewa, kutu ya chuma iliyoshika aseniki huyeyuka, na aseniki hupanda kwenye mpunga. Codex iliona haja mwaka 2014 ya kuiwekea aseniki hiyo ya madini kikomo cha miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele uliokobolewa. Ukikausha unaita kadimiamu, ukifurikisha unaita aseniki. Pwani kuna la tatu. Mto unapopungua, bahari hupanda kupitia mdomo wake, na mkulima wa nyuma ya tuta hulazimika kuchagua kati ya kuacha jaruba likauke na kulimwagia maji ya chumvichumvi wakati mpunga unatoa masuke. Uchaguzi wa kwanza unaifungua salfa. Wa pili unaleta kloridi. Ushauri ulioandikwa kwa bonde la Toyama, linalonyweshwa na theluji ya milimani, hauwezi kunakiliwa pwani kabla ya kuhakikisha maji baridi yatatoka wapi katika wiki hizo sita.

China ilipotoa vikomo vipya vya udongo wa mashamba mwaka 2018 ilipiga hatua ambayo nchi nyingi hazijaipiga: kikomo cha kadimiamu cha majaruba si kimoja. Ni miligramu 0.3 kwa kilo pale pH isipozidi 5.5, kisha 0.4 hadi pH ya 6.5, kisha 0.6 hadi 7.5, na 0.8 juu ya hapo. Ni kukiri rasmi kwamba jumla pekee haitoshi, na naipongeza. Lakini tazama shamba la pwani likiingizwa kwenye jedwali hilo. pH yake ni 8, hivyo linapewa kikomo kilicholegea kuliko vyote, kwa imani kwamba chokaa inaishika kadimiamu. Kloridi haimo kwenye jedwali. Kisha chukua shamba lenye miligramu 0.5, ambalo leo ni halali kabisa. Siku pH yake itakaposhuka chini ya 6.5 litakuwa limevuka kikomo bila hata chembe moja ya kadimiamu kuongezwa. Jedwali limesema kweli kuhusu kemia, ila halina namna ya kumwambia mkulima siku hiyo iko umbali gani. Itasemwa kwamba kupima mambo yote hayo ni anasa ya nchi tajiri. Mimi naona kinyume chake. Kipimo ghali ndicho hicho cha jumla, kinachotaka asidi kali na mashine ya maabara kubwa. pH na ukali wa chumvi hupimwa kwa kifaa cha mkononi, kloridi kwa kemia ya sekondari, chokaa kwa matone ya asidi yanayotoa povu au yasiyotoa, na umri wa shamba kwa kuuliza tuta lilijengwa mwaka gani. Vipimo hivyo vya bei nafuu huonyesha ni mashamba yapi machache yapelekewe kipimo ghali, na hapo kinachopimwa kiwe punje na jani, kwa sababu zao ndilo linaloliwa.

Kwa kuwa mazao hayafanani, shamba lenye shaka si lazima liachwe. Jani huvuta maji mchana kutwa, na kadimiamu huja nayo. Mchicha, spinachi na saladi hukusanya zaidi kuliko nafaka, na maharage na nyanya huwa na kidogo. Mchicha una sifa ya pekee. Nchini China aina zake zimechunguzwa kama mimea ya kusafishia udongo, hasa kwa sababu majani yake huikusanya kadimiamu kwa wingi. Sifa inayomfurahisha msafishaji ndiyo inayopaswa kumsumbua mpishi. Katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mboga za majani ndizo zinazopendwa kulimwa, kwa kuwa hukomaa kwa wiki chache na mlaji yuko kilomita mbili tu mbele. Metali katika mboga hizo zimepimwa na watafiti mara kadhaa, na mjadala huelekea kukaa kwenye maji machafu yanayotoka juu. Mjadala huo ni wa haki, lakini ubora wa maji ni zaidi ya metali iliyomo. Maji yenye chumvi yanaweza kuipeleka kwenye jani hata kadimiamu kidogo iliyokwishakaa udongoni, na kadiri shamba linavyosogea kwenye mikoko ya mdomo wa mto ndivyo swali la chumvi linavyozidi kuwa la msingi. Kumwambia mkulima aache mchicha, zao linalomlipia ada ya shule ya mtoto, ni maneno mepesi yakitoka kwa mtu asiye na shamba. Kumwonyesha ni jaruba lipi lina chumvi, ili huko apande zao lisilokusanya kadimiamu nyingi na mchicha uhamie jaruba jingine, ni kazi ya bwana shamba mwenye kifaa cha mkononi na siku mbili za nafasi.

Januari 2018 China ilisimamisha utwaaji wa bahari kwa shughuli za biashara, na mwaka 2019 UNESCO ikaziandika sehemu za pwani ya Yancheng, mkoani Jiangsu, katika urithi wa dunia kwa ajili ya ndege wahamao. Ndege wamepata nafuu. Kwa wakulima maana yake ni kwamba tope jipya halitaongezwa tena kwa kasi ya zamani, na mashamba yaliyopo yatazeeka pamoja. Yale yaliyofungiwa nyuma ya matuta ya miaka ya 1950 yamevuka miaka sabini. Palipolimwa mpunga muda wote huo, kwa kasi iliyoonekana Cixi, chokaa ya tabaka la juu imebakiza miongo michache. Mwaka wa kila tuta unajulikana, na kupita na chupa ya asidi kutoka ukanda hadi ukanda, kutazama povu linakoishia, ni safari ya siku chache. Yasipofanywa hayo, dalili ya kwanza itatokea ndani ya mchele, na jumla ya kadimiamu katika taarifa ya udongo ya mwaka huo itakuwa karibu sawa na iliyoandikwa leo.